Bustani Katika Ardhi ya Ruhusa: Habari za Kibera na Shauri kwa Kianda

Kila mwaka kitabu hiki huwaletea wanachama hesabu mbili: hesabu ya fedha na hesabu ya kazi. Mwaka huu tumeona vema kuongeza hesabu ya tatu, nayo ni hesabu ya udongo. Sababu yake ni kwamba vijana na kina mama wa Kianda wamekuja mbele ya chama wakitaka kuanzisha bustani ya mboga ya kushirikiana, ambayo italimwa na watu wa kujitolea. Ombi lao ni jema, na wanachama wataulizwa kura zao juu yake. Lakini kabla mtu hajainua jembe, yampasa ajue ni nani waliolima hapa mbele yake, walipata nini, na ni kitu gani kilichowaondoa. Wazee wengi wayajua mambo haya. Vijana wengi hawajapata kuambiwa. Basi hizi ndizo habari za kilimo katika Kibera, tangu zama za askari wa Keya mpaka siku zetu, na mwisho wake ni shauri.

Msitu na askari

Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Na kweli palikuwa msitu, ng'ambo kidogo ya mji uliozaliwa pale reli ilipofika Nairobi mwaka 1899. Watu waliopewa msitu huo ni askari wenye asili ya Sudani, waliowatumikia Waingereza tangu mwisho wa karne ya 19, na ambao baadaye wakawa katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902 na kuitwa na watu wetu Keya. Walipozeeka katika utumishi, wengi hawakuwa na nchi ya kurudia. Kwa hiyo wakawekwa Kibera pamoja na jamaa zao, wajenge na kulima, na mwaka 1918 Serikali ikatangaza kwamba ekari 4,197 za mahali hapo ni ardhi ya jeshi.

Wanubi hao walikata miti, wakapanda mahindi na maharagwe, wakafuga ng'ombe. Nyumba zilikuwa mbalimbali, na katikati yake mashamba. Mtoto wa leo akitazama mabati yaliyobanana toka Makina mpaka Kianda aweza kudhani kwamba tunamsimulia nchi nyingine, lakini ndiyo hii hii.

Hapa pana jambo ambalo twataka kila msomaji alishike, kwa maana yote yanayofuata yanalitegemea. Askari yule mstaafu hakupewa hati ya kumiliki. Alipewa ruhusa. Ruhusa humtosha mtu kupanda mahindi, maana mahindi huvunwa katika miezi michache; lakini haimtoshi kupanda mwembe kwa ajili ya wajukuu. Mwaka 1928 jeshi lilikabidhi usimamizi wa Kibera kwa Serikali ya kiraia, na papo hapo likazuka swali kwamba ruhusa ya jeshi ina nguvu gani mbele ya bwana mpya. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyokaa tangu mwaka 1932 na kutoa taarifa yake mwaka 1934 chini ya Sir Morris Carter, iliona kwamba Wanubi wako pale kwa hisani ya Serikali tu, ijapokuwa Serikali ina wajibu kwao. Hisani na wajibu ni maneno mazuri, lakini hakuna hata moja kati yake linaloweza kuwekwa katika sanduku na kurithishwa.

Mji na mahindi

Wakati huo huo mji wa Nairobi ulikuwa ukijifunza kulichukia jembe. Wakuu wa mji waliona kwamba kilimo ni cha reserva, na kwamba mji ni mahali pa ofisi, maduka na viwanda. Tena waliogopa malaria. Ilisemekana kwamba mahindi marefu huficha mbu, na sheria za afya ziliwapa wakuu uwezo wa kuzuia kilimo katika miji. Kwa miaka mingi, kabla ya uhuru na hata baada yake, askari wa mji walifyeka mahindi ya kina mama kandokando ya barabara, mara nyingi yakiwa yamekwisha kubeba. Wazee wetu hawana haja ya kuambiwa jambo hili na kitabu.

Hata hivyo watu hawakuacha kulima, kwa kuwa njaa haisomi sheria. Mwaka 1985 taasisi ya Mazingira ya Nairobi iliuliza watu wa miji sita ya Kenya juu ya chakula chao. Ilionekana kwamba nyumba 29 katika kila 100 zilikuwa zikilima chakula humo humo mjini, na katika Nairobi yenyewe yapata nyumba 20 katika kila 100. Basi mkulima wa mjini si mtu wa ajabu, wala si mtu mvivu aliyekosa kazi. Ni jirani, na aghalabu ni mama.

Katika Kibera mashamba yalipungua kwa njia nyingine. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 watu walikuja kutoka pande zote za nchi kutafuta kazi, nao walihitaji mahali pa kulala. Chumba cha kupanga kilileta fedha kila mwezi, na shamba la maharagwe lilileta mavuno mara mbili kwa mwaka. Hesabu hiyo haikuwa ngumu. Sehemu nyingine zilitwaliwa kwa mitaa mipya, kama vile Jamhuri, Ayany na Olympic. Kijiji chetu cha Kianda, ambacho jina lake katika lugha ya Kikuyu ni bonde, kikajaa nyumba upande huu wa magharibi. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata wakazi 170,070 katika Kibera. Nayo jamii ya Wanubi ilipopewa hati yake mwaka 2017, hati hiyo ilikuwa ya ekari 288. Ukizilinganisha na zile 4,197 za mwaka 1918, utaona kwamba ni chini ya sehemu moja katika kumi na nne.

Haya hatuyasemi kwa kulaumu kabila au mtu ye yote. Aliyekuja kutoka Kisii, Kakamega au Machakos alitafuta riziki kama alivyoitafuta yule askari wa Keya. Twayasema ili ionekane kwamba shamba la Kibera halikumalizwa na ukame wala wadudu. Lilimalizwa kwa sababu waliolilima hawakuwa na neno thabiti juu ya ardhi waliyoilima.

Gunia na jaa

Uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007 ulifuatwa na fujo ambazo hatuna haja ya kuzieleza kwa watu waliozipita. Soko la Toi liliteketea, njia zilifungwa, reli iling'olewa, na mboga ambazo kila siku huja na magari hazikuja. Ndipo watu wengi wa Kibera walipoona jinsi sufuria zao zinavyotegemea barabara ambayo si yao. Katika mwaka huo wa 2008 mambo mawili yalianza, na yote mawili yana mafundisho kwa Kianda.

La kwanza ni bustani ya gunia. Shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités liligawa miche na kufundisha watu kulima mboga katika magunia. Gunia, udongo na mawe mwenye nyumba alijitafutia mwenyewe. Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Gunia husimamishwa, na katikati huwekwa kopo kubwa lisilo na kitako, likajazwa mawe madogo. Pembeni mwa kopo hutiwa udongo uliochanganywa na samadi. Kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, hata gunia likijaa unakuwa na nguzo ya mawe toka chini mpaka juu. Maji yakimwagwa juu hupita katika nguzo hiyo na kuufikia udongo wote, badala ya kukaa juu na kukauka. Ubavuni mwa gunia hutobolewa matundu, na katika kila tundu huchomekwa mche wa sukuma wiki au spinachi. Kwa njia hii mahali penye upana wa kiti hubeba miche kwa makumi. Watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walikuja kuyachunguza magunia ya Kibera, na mwaka 2013 wakaandika kwamba waliolima walikula mboga za aina nyingi zaidi, na tena walipata majirani wa kusaidiana nao.

Mtu aweza kulisifu gunia kwa kuwa halihitaji nafasi. Sisi twalisifu zaidi kwa kuwa laweza kuhama. Ni shamba la mtu asiye na hati. Akihamishwa leo, kesho aweza kulisimamisha mahali pengine.

La pili ni shamba la kundi la vijana la Youth Reform. Hawa walikuwa vijana, baadhi yao wakiwa wameacha njia mbaya, waliochagua jaa kubwa la takataka kando ya reli wakalisafisha kwa mikono yao. Walisaidiwa na Su Kahumbu wa kampuni ya Green Dreams, na chini ya takataka ile pakatokea shamba la mboga zisizotiwa dawa za viwandani. Lakini kabla ya kula walipima udongo, wakakuta una zinki nyingi. Kwa hiyo wakapanda alizeti, maana alizeti huvuta madini ya namna hiyo kutoka ardhini. Twaomba vijana wa Kianda waisome habari hii mara mbili. Wale hawakuwa mabwana shamba wala wasomi wakubwa, lakini walikubali kungoja. Jaa lililokaa miaka mingi huficha betri, rangi, mafuta na vyuma. Na risasi iliyomo udongoni haina harufu wala ladha, nayo huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Kusafishwa kwa alizeti ni kazi ya misimu, si ya majuma, na alizeti yenyewe isiliwe.

Sheria imegeuka, lakini tingatinga halijafa

Ni haki kusema kwamba siku hizi sheria haimtazami mkulima wa mjini kwa jicho la zamani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kustawisha na kusimamia kilimo cha mjini, nayo inataka wakazi wa mitaa yenye msongamano na makao yasiyo rasmi wafikiriwe kwanza. Wakati wa maradhi ya korona, mwaka 2020, Wizara ya Kilimo ilihimiza bustani milioni moja za jikoni, na vijana wa Kazi Mtaani wakalipwa kusafisha mitaa yao. Jembe lililofukuzwa mjini limekaribishwa tena kwa barua.

Lakini mnamo mwezi wa Julai mwaka 2018 nyumba, shule na makanisa yalibomolewa katika Kibera ili barabara ipite, na watu kwa maelfu wakalala nje. Ikiwa shule yenye kuta yaweza kuondoka kwa siku moja, tuta la mchicha litasalimika vipi? Basi tusije tukafikiri kwamba sheria nzuri juu ya kilimo ni sawa na hati ya ardhi. La kwanza lakupa haki ya kulima. La pili lakuambia utalima wapi, na kwa muda gani.

Jambo hili si la Kibera peke yake. Mwaka 1894, katika mji wa Detroit huko Marekani, viwanda vilikuwa vimefungwa na watu hawana kazi. Meya Hazen Pingree aliwaomba wenye viwanja visivyotumika waviazime, na maskini wakalima viazi humo wakashiba. Watu walimcheka kwanza, kisha miji mingine ikamwiga. Hali ya kazi iliporudi kuwa njema, viwanja vilirudi kwa wenyewe, na mashamba yakaisha. Viazi havikuwa na kosa lo lote. Ardhi ilikuwa ya kuazima tangu mwanzo.

Shauri kwa Kianda

Sasa twageukia ombi lililo mbele yetu. Kamati haiwaombi wanachama walikatae, wala haiwaombi walikubali hivi hivi. Yawaomba walikubali kwa masharti matano, na kila sharti limetoka katika habari tulizozieleza.

Kwanza, ardhi. Pasilimwe kando ya mto, wala katika hifadhi ya reli au ya barabara, wala chini ya nyaya za umeme, hata kama mahali ni wazi na panavutia. Mahali pa wazi katika Kibera aghalabu pana sababu ya kuwa wazi. Itafutwe nafasi katika uwanja wa shule, kanisa au msikiti, ambao wenyewe wanajulikana na hawatahama kesho. Wenye mahali waandike barua, mzee wa kijiji na chifu waijue, na barua itaje miaka, siyo hisani tu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mpaka barua hiyo ipatikane, kazi ianze kwa magunia peke yake.

Pili, udongo. Usichukuliwe udongo wa jaani wala wa kando ya mtaro. Udongo wa kununua au wa kutoka shamba linalojulikana utiwe katika magunia, na wa ardhini upimwe kabla ya mbegu ya kwanza. Maganda na majani ya jikoni yaozeshwe katika shimo lililofunikwa yawe mboji, pamoja na samadi ya mbuzi na kuku. Mboga zote zioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa, kwa sababu ya vumbi.

Tatu, maji. Hapa ndipo bustani nyingi hufa kimya kimya, kwa kuwa anayenunua maji kwa mtungi hatampa sukuma wiki kabla ya mtoto. Lakini mabati tuliyo nayo ni mengi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa lenye mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Basi paa la mita 20 za mraba, kwa mvua ya milimita 10, hutoa lita 200, yaani mitungi kumi ya lita 20, ikiwa mfereji wa paa hauvuji. Kwa hiyo tangi na mfereji vinunuliwe kabla ya majembe, na viwe tayari kabla ya masika ya mwezi wa Machi. Kiangazi nacho kipangiwe akiba.

Nne, mgawo. Watu wa kujitolea huja wengi siku ya kwanza, kwa kuwa siku ya kwanza kuna nyimbo. Katika juma la sita huja wachache, na hao ndio wenye bustani. Iandikwe zamu, na ikubaliwe mbele ya wote kabla ya kupanda kwamba mavuno yatagawanywa mafungu matatu: fungu la waliofanya zamu, fungu la wagonjwa, wajane na wazee wasioweza kulima, na fungu la kuuza ili kupata mbegu na kutengeneza tangi. Sukuma wiki huanza kuchumwa baada ya majuma sita hata manane, na huendelea kwa miezi, mchicha hutangulia. Kwa kuwa Kianda ni kijiji cha watu wengi, zipandwe pia kunde, managu na saga, ili kila nyumba ione mboga ya kwao.

Tano, hesabu. Mama Wangari Maathai na Green Belt Movement, iliyoanza mwaka 1977, waliwalipa kina mama kidogo kwa kila mche ulioshika, siyo kwa kila mche uliopandwa. Huo ndio uangalizi tunaoutaka. Daftari la bustani liandike miche iliyoishi, maji yaliyotumika, mafungu yaliyogawanywa na majina ya waliokuja. Na katika kitabu cha mwaka ujao tuchapishe habari hizo zote, zikiwa nzuri au mbaya.

Wako wazee waliotuambia kwamba haifai kuwatia vijana moyo juu ya ardhi isiyo yao, kwani wakiondolewa watavunjika. Twauheshimu wasiwasi huo, maana umetoka kwa watu waliokwisha kuondolewa. Lakini twawakumbusha kwamba Wanubi walilima kwa ruhusa, na watoto wao wakala. Magunia yalisimama kwa ruhusa, na majirani wakajuana. Lililowapoteza watu si kulima kwa ruhusa, bali kusahau kwamba ni ruhusa, wasiiandike wala kuiongeza. Nao vijana twawaambia kwamba mzee anayeuliza barua iko wapi si adui wa bustani. Ndiye boma lake.

Wanachama watapiga kura juu ya masharti haya matano katika mkutano mkuu. Kila mwenye mabati, pipa, samadi au nafasi ya uwanja anaombwa alete jina lake kwa mwandishi wa chama kabla ya siku hiyo, na kila mzee anayekumbuka mipaka ya mashamba ya zamani katika Kianda anaombwa awaonyeshe vijana. Mkono mmoja haulei mwana, wala haunyweshi bustani.